"Mama Mboga" na A-Unganifu: Uhakiki wa Hoja ya Athari ya Kiingereza katika Kiswahili cha Mitaa ya Mashariki mwa Nairobi

Miongoni mwa makosa ambayo walimu wa Kiswahili nchini Kenya huyapigia mstari mwekundu katika insha za wanafunzi wa Nairobi, limo moja ambalo limehukumiwa kabla ya kuchunguzwa. Mwanafunzi wa Kayole au Dandora huandika "mama mboga", na mwalimu humtilia "wa" katikati. Huandika "fundi viatu", na kiungo kicho hicho huongezwa. Sababu inayotolewa, madarasani na hata katika mijadala ya wanaisimu, ni kwamba mwanafunzi ameiga Kiingereza, lugha ambayo nomino hufafanua nomino nyingine bila kuhitaji kiungo chochote. Hoja hii ina sura ya usomi, na pengine ndiyo maana imekubaliwa kwa urahisi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hoja yenyewe haina msingi. Kwamba mpangilio unaolaumiwa ni wa Kiswahili chenyewe. Na kwamba pale Kiingereza kilipoingia kweli katika upangaji wa nomino, katika mitaa iyo hiyo, hapana kalamu nyekundu iliyopita.

Yafaa kuanza na Kiingereza, kwa kuwa ndicho kinachotuhumiwa. Katika lugha hiyo nomino inayofafanua hutangulia, na ile inayofafanuliwa huja mwisho. "Stone wall" ni ukuta wa mawe, wala si jiwe la ukuta. Wanasarufi wa Kiingereza, tangu enzi ya Otto Jespersen, wamebishana iwapo neno "stone" hapo limebaki nomino au limegeuka kivumishi. Halikubali kiasi, kwani hapana ukuta ulio "mawe zaidi" kuliko mwingine, lakini linasimama pale pale ambapo kivumishi husimama. Jambo la pili ni kwamba nomino inayotangulia kwa kawaida hubaki katika umoja hata kama maana yake ni ya wingi. Duka linalouza viatu maelfu huitwa "shoe shop", kana kwamba linauza kiatu kimoja. Jambo la tatu ni kwamba uhusiano kati ya nomino hizo mbili hautajwi. Judith Levi, katika kazi yake ya 1978, alidai kwamba mahusiano hayo yaliyofichwa yanaweza kupunguzwa yakawa tisa tu, kama vile kumiliki, kutengenezwa kwa, kuwa mahali, na kuwa kwa ajili ya. Mwaka mmoja kabla yake Pamela Downing alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba muktadha unaweza kuzaa mahusiano yasiyoweza kuorodheshwa, kwa mfano wake mashuhuri wa kiti kilichopewa jina la maji ya tofaa kwa sababu tu bilauri ya maji hayo ilikuwa imewekwa mezani mbele yake. Ubishi huo hauhitaji kuamuliwa hapa. Yanayohitajika ni mambo mawili ya mwanzo, yaani mfuatano na umoja, kwa sababu ndiyo yanayoweza kupimwa.

Kiswahili kinafahamika kwa njia tofauti kabisa. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya 1944, aliita kiungo hiki "-a" ya uhusiano, na vitabu vya shule vya Kenya hukiita a-unganifu. Kiungo hiki hufanya kazi mbili kwa pamoja. Kwanza huziunganisha nomino. Pili hutangaza ngeli ya nomino kuu, hivi kwamba msikilizaji wa "kiti cha mbao", "viti vya mbao" na "mlango wa mbao" hujua kila mara ni kipi kinachozungumziwa. Ni utaratibu wa kupendeza, na wanasarufi wameusifu kwa haki. Lakini baada ya kuusifu walifanya kosa. Mifano ambayo haikufuata utaratibu huo waliitia katika mlango mfupi wa nomino ambata na kuiacha humo kama vitu vya ajabu katika jumba la makumbusho: askari kanzu, bata mzinga, bata bukini, mbwa mwitu, njugu mawe, njugu nyasa. Mwanafunzi huambiwa aikariri. Haambiwi imetoka wapi wala kama inaweza kuzaa mingine. Kwa hiyo mzao wake unapotokea Gikomba au Umoja, huonekana mgeni asiye na ukoo.

Ukoo upo, na si wa mbali. Kiswahili sanifu, tena kile cha adabu kabisa, kina nafasi moja ambamo nomino hufuata nomino bila a-unganifu pasipo mtu yeyote kulalamika. Ni pale nomino ya kwanza inapokuwa ya mtendaji iliyoundwa kutokana na kitenzi: mshona viatu, muuza samaki, mchoma makaa, mpiga ngoma. Hapana anayedai "mshona wa viatu". Viatu hapo ni shamirisho la kitenzi "shona", na shamirisho la Kiswahili husimama lenyewe baada ya kitenzi. Sasa iondolewe nomino ya mtendaji na mahali pake pawekwe jina la heshima au la kazi. Mshona viatu ni fundi, fundi viatu. Muuza mboga ni mama, mama mboga. Nomino ya pili imebaki pale pale ilipokuwa, na katika hali ile ile. Kilichobadilika ni kwamba kazi haitajwi tena kwa kitenzi, bali inaeleweka kutokana na uhusiano unaojulikana wa fundi na viatu, au wa mama wa kibandani na mboga. Kiingereza, kikitaka kusema jambo lilo hilo, hulazimika kuitanguliza mboga na kumweka muuzaji nyuma. Ingekuwa mwanafunzi wa Dandora anaiga Kiingereza, angesema "mboga mama". Hapana anayesema hivyo.

Umoja na wingi hutoa ushahidi wa pili. Fundi ni "fundi viatu", wala haijasikika "fundi kiatu". Vivyo hivyo njugu za kale ni "njugu mawe", wala si "njugu jiwe". Nomino ya pili ya Kiswahili huja na idadi inayoihitaji na kukaa nayo, ilhali ile ya Kiingereza huvuliwa wingi wake mlangoni. Wingi wa kirai kizima nao hukaa kwenye neno la kwanza: mafundi viatu, kina mama mboga, au wamama mboga kama wasemavyo vijana. Hapa gazeti la Kiingereza limetoa ushahidi bila kukusudia. Neno hili lilipotoka mitaani na kufika majukwaani, hasa katika kampeni za uchaguzi wa 2022 ambamo mama mboga na mwendesha bodaboda walifanywa kuwa nembo ya raia wa kipato cha chini, waandishi wa Kiingereza walilazimika kulitia katika wingi. Wengi waliandika "mama mbogas". Kiambishi cha wingi kimewekwa mwisho, juu ya mboga, kwa sababu sarufi ya Kiingereza hulitambua neno la mwisho kuwa ndilo kuu. Hivyo ndivyo kirai hiki kinavyokuwa kikiingia kweli katika Kiingereza. Msemaji wa Kiswahili akikisikia hucheka, kwani zimezidishwa mboga badala ya akina mama.

Ushahidi wa tatu ni wa kutenganishwa. A-unganifu huruhusu maneno mengine kuingia kati: fundi hodari wa viatu, fundi wangu wa viatu, mama huyu wa mboga. Mpangilio usio na kiungo haukubali hata neno moja. Husemwa "fundi viatu hodari" na "fundi viatu wangu". "Fundi hodari viatu" hakuna aisemaye, awe amesoma au hakusoma. Maana yake ni kwamba maneno hayo mawili yamekuwa jina moja, na sifa yoyote inayokuja hulisifu jina zima. Ifahamike pia kwamba jina hilo linaweza kubeba ndani yake kirai chenye upatanisho wake. Katika "fundi jua kali", usemi ulioenea miaka ya 1980 kutokana na mafundi waliofanya kazi nje bila paa, Kamukunji na kwingineko, kivumishi "kali" kinapatana na jua, wala si na fundi. Kama kingekuwa cha fundi kingekuwa "mkali", na huyo ni fundi mwingine kabisa. Lugha inayodaiwa kupoteza sarufi yake imeuhifadhi upatanisho hata ndani ya jina la watu wanaofua masufuria.

Je, basi, "mama mboga" na "mama wa mboga" ni kitu kimoja kilichoandikwa kwa njia mbili? Mwalimu anayeongeza "wa" anaamini hivyo, na hapo ndipo madhara ya sahihisho lake yanapoonekana. Mama mboga ni mama mboga hata siku ambayo ana nyanya na vitunguu tu, hata sukuma wiki ikiwa imemwishia saa nne asubuhi, hata akiwa kanisani Jumapili. Ni jina la kazi yake na la nafasi yake katika ploti. Mama wa mboga anaweza kuwa mtu yeyote ambaye wakati huo anahusishwa na mboga fulani: aliyezibeba kwenye matatu, aliyezisahau dukani, aliyekuja kuzidai. Kirai cha kwanza huita. Cha pili hueleza. Tofauti hiyo ina thamani, na lugha yoyote ingejivunia kuwa nayo.

Tofauti iyo hiyo inaonekana waziwazi zaidi mahali ambapo hapana mwalimu aliyewahi kuigusa. Katika mitaa ya mashariki, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, mwanamke mwenye mtoto haitwi na majirani kwa jina lake la kuzaliwa, bali huitwa kwa jina la mtoto: Mama Wanjiku, Mama Atieno, Mama Halima. Kimantiki ni mama wa Wanjiku, na a-unganifu ilistahili kuwapo. Lakini mtu anayetaka kueleza uhusiano husema "mamake Wanjiku" au "mama yake Wanjiku", na anayetaka kumwita husema "Mama Wanjiku". Mwalimu mkuu anayemwita mzazi shuleni humtafuta mamake Wanjiku. Jirani anayeomba chumvi humgongea Mama Wanjiku. Wanjiku anaweza kuwa ameolewa na kuhamia Nakuru miaka kumi iliyopita, na jina lisibadilike. Kiungo kinapoondoka, uhusiano huacha kuwa habari na huwa jina. Upungufu wa njia hii unajulikana: asiyewafahamu watu wa ploti hawezi kutambua iwapo Mama Halima ni mzazi wa Halima au ni bibi anayeitwa Halima mwenyewe. Lakini anayemwita anajua, na lugha ya ploti haikutungwa kwa ajili ya mgeni.

Si kila nomino mbili zinazofuatana zinaingia katika kanuni hii, na watetezi wa lugha ya mitaani huharibu hoja yao wanapozikusanya zote pamoja. Vibanda vya chakula vimejaa "ugali matumbo" na "chapati maharagwe", au "chapo dondo" kwa vijana. Hapo uhusiano ulioachwa ni wa "na", si wa "-a". Matumbo hayaelezi ni ugali wa aina gani, kwani ugali ni ule ule. Kinachotajwa ni sahani moja yenye bei moja, na anayeagiza chapati maharagwe mbili huletewa sahani mbili, wala si chapati mbili. "Chipsi mwitu" ni jambo jingine. Huko nomino ya pili inaeleza aina, yaani chipsi zinazokaangwa kando ya njia badala ya hotelini, na aliyeliunda jina hilo aliifuata njia ya mbwa mwitu na paka mwitu hatua kwa hatua. Ni mzaha, lakini ni mzaha wa mtu anayekijua Kiswahili vizuri. Kuhusu "mama fua" na "nyama choma", ambamo neno la pili ni shina la kitenzi lisilo na kiambishi chochote, suala ni gumu zaidi na lahitaji uchunguzi wake peke yake. Inatosha kusema kwamba hata huko neno kuu limebaki mwanzoni.

Wapo watakaoiacha hoja ya Kiingereza na kushika nyingine: kwamba vijana wa Nairobi wanakwepa a-unganifu kwa sababu upatanisho umewashinda. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya mitaa hiyo upatanisho umepunguzwa sana, na "ya" imechukua nafasi ya viungo vingi, kama katika "kiti ya mbao", "mtoto ya jirani" na "kitabu ya shule". Mtu anaweza kuhoji kwamba kiungo kisichotangaza tena ngeli kimebakiwa na kazi moja tu ya kuunganisha, na kwamba kazi hiyo mfuatano wa maneno unaweza kuifanya wenyewe. Kwa hiyo kikaanza kuangushwa. Hoja hii ina uzito kuliko ile ya kwanza. Hata hivyo inakwama mahali pawili. Askari kanzu na bata bukini walizaliwa katika Kiswahili ambacho upatanisho wake ulikuwa kamili. Tena, kama kiungo kingekuwa kinaangushwa kwa uvivu, kingeanguka kila mahali. Sivyo ilivyo. Msemaji wa Kariobangi anaweza kusema "mtoto ya jirani", lakini hatasema "mtoto jirani". Atasema "nyumba ya mzee", wala si "nyumba mzee". Umiliki unakidai kiungo, hata kikiwa kimechakaa. Jina la aina ndilo linaloweza kukiacha. Mtu asiyejua a-unganifu asingeweza kujua ni wapi pa kuiacha.

Ramani ya mitaa yenyewe inaunga mkono jambo hili. Shauri Moyo ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka kijiji cha Pangani kilipokuwa kikibomolewa. Kitabu cha sarufi kingetaka "Shauri la Moyo". Waliohamishwa walikuwa watu wa mjini waliozungumza Kiswahili kila siku, na wengi wao hawakuwa wameingia darasa la Kiingereza. Jina likakaa bila kiungo, na hadi leo hakuna aliyelisahihisha. Baadaye ikaja mitaa iliyopewa jina la diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953: Ofafa Kunguni, Ofafa Maringo, Ofafa Jericho. Jina la jumla limetangulia na la kubainisha likafuata, kama lifanyavyo neno kuu la Kiswahili na kifafanuzi chake. Kayole Soweto na Kayole Matopeni yamefuata njia iyo hiyo.

Mahali Kiingereza kilipoingia ni kwenye vibao. Barabara iliyokuwa Doonholm Road wakati wa ukoloni ilipewa jina la Kiswahili, ikawa "Jogoo Road". Neno lilibadilishwa, sarufi ikaachwa ilivyokuwa. Jogoo ametangulia, barabara imekuja nyuma, kwa mfuatano wa Kiingereza mtupu, na nomino ya Kiswahili imetumwa kufanya kazi ya "stone" katika "stone wall". Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa Umoja Estate, Harambee Estate na Wakulima Market. Kwamba wakulima hao wamebaki katika wingi wao ni kasoro ndogo ya Kiswahili iliyokataa kunyolewa. Mtu anaweza kutetea kwamba haya ni majina ya Kiingereza yenye maneno ya kukopwa. Lakini utetezi huo haufai kwa vibao vya vinyozi. Katika mitaa mingi ya mashariki jina la duka hutangulia na neno "kinyozi" huja mwisho, maneno yote mawili yakiwa ya Kiswahili na mpangilio wao ukiwa wa Kiingereza. Kinyozi pale si mtu tena, bali ni chumba chenye kioo na mashine. Ikiwa wako wanaotafuta athari ya sintaksia ya Kiingereza, basi iko hapo, imepakwa rangi, na mwanafunzi huipita kila asubuhi akienda kusahihishiwa "mama mboga".

Hata hivyo isidhaniwe kwamba Kiswahili cha mjini hukipokea kila kirai cha Kiingereza kama kilivyo. Kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza kiliitwa "Carrier Corps", nomino mbili, wapagazi wakitangulia na kikosi kikifuata. Nairobi ikapata Kariokor na Dar es Salaam ikapata Kariakoo. Msemaji hasikii wapagazi humo wala hasikii kikosi. Kiswahili kilichukua sauti na kuuacha muundo, kama kilivyofanya kwa motokaa na hedimasta. Kwa miaka zaidi ya 100 maneno ya namna hii yamekuwa yakiingia, na hayakuifundisha lugha kuitanguliza nomino inayofafanua.

Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, katika makala yao ya 1997, waliitenga Sheng ya mitaa ya mashariki, ambayo sarufi yake ni ya Kiswahili, na Engsh ya mitaa ya magharibi, ambayo sarufi yake ni ya Kiingereza. Utengano huo ungetosha kuwatahadharisha wanaoona Kiingereza katika kila kirai cha Eastlands. Haukutosha. Kamusi ya Sheng ya Ireri Mbaabu na mwenzake, iliyochapishwa na TUKI mwaka 2003, bado iliitambulisha katika jina lake kama lugha ya ulimwengu wa kihalifu. Chege Githiora, katika kitabu chake cha 2018, ameitazama Sheng kama sehemu ya Kiswahili cha Kenya, na ushahidi wa nomino uliotolewa hapa unakubaliana naye. Ila si lazima mtu akubali kila alichosema Githiora ndipo akubali kwamba fundi viatu ni Kiswahili.

Gharama ya uchunguzi huu kutofanywa haiko katika alama za insha pekee, ingawa alama si jambo dogo. Mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, uliamua kwa miaka mingi ni shule gani mtoto wa Dandora ataingia. Gharama kubwa zaidi ni imani kwamba a-unganifu, ikiwapo, huleta uwazi, na isipokuwapo huleta vurugu. Imani hiyo imewafanya wafasiri wa nyaraka kuifungua kila nyororo ya nomino za Kiingereza kwa kuitilia "wa" na "ya" hadi ikatike. Mfano ulio hai katika mitaa ya mashariki ni mipango ya nyumba ambayo kwa Kiingereza huitwa "tenant purchase", ambamo mpangaji hulipa kidogo kidogo hadi nyumba anayokaa iwe yake. Mfasiri anayefuata mazoea huandika "mpango wa ununuzi wa wapangaji". Upatanisho ni kamili. Mwalimu hana pa kuweka kalamu. Lakini nani ananunua, na nani ananunuliwa? "Ununuzi wa nyumba" ni nyumba kununuliwa. "Ununuzi wa wapangaji", kwa kipimo kicho hicho, ni wapangaji kununuliwa. A-unganifu haitofautishi mtenda na mtendwa baada ya nomino iliyotokana na kitenzi, na hilo wanasarufi wanalijua tangu zamani. Wakazi wa Kaloleni, Maringo na Jericho, ambao familia zao zimekaa kwa miongo mingi katika nyumba za kukodi zilizojengwa na mamlaka za jiji, na ambao wamekuwa wakisikia habari za mipango ya kuijenga upya mitaa yao, wanastahili karatasi inayosema "mpango wa wapangaji kununua nyumba wanazokaa". Kitenzi ndicho kinachohitajika hapo. Viungo viwili vilivyopatana vizuri havikutosha.

Limebaki suala la tahajia na kamusi, nalo haliwezi kuahirishwa kwa kuwa neno limekwisha kuenea nchi nzima. Kiswahili kimelitatua suala hili mara nyingi bila kushauriana na mtu. Mwana wa nchi akawa mwananchi, mwana wa maji akawa mwanamaji, mwana wa sheria akawa mwanasheria. Kiungo kikatoka, maneno yakaungana, wingi ukakaa mwanzoni kama ulivyo katika mafundi viatu. Neno linaloheshimiwa kuliko yote katika hotuba za kisiasa za Kenya limeundwa kwa njia ile ile iliyomuunda mama mboga, na tofauti pekee ni kwamba moja huandikwa kama neno moja na jingine kama mawili. Kwa "mama mboga" na "fundi viatu" kuandikwa mbalimbali kunafaa zaidi kwa sasa, kwa sababu mfumo bado unazaa: fundi stima, fundi bomba, mama samaki, mama nguo. Kuyaunganisha yote kungeijaza kamusi maneno ambayo kila msemaji anaweza kuyaunda mwenyewe. Kamusi iyatie yale yaliyokwisha kuwa na maana maalumu, iyape wingi wake kwenye neno la kwanza, na iweke "mama mboga" chini ya "mama", jirani na mama mkwe na mama wa kambo, ambapo msomaji ataona kwa macho yake ni yupi mwenye kiungo na ni yupi asiye nacho.